Bolti ya Sita ya Giaboksi

Alhamisi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mkaguzi alisimama chini ya gari dogo jekundu la mbio lililoinuliwa kwenye lifti ya karakana, akamulika giaboksi kwa tochi. Bolti sita ndizo huibana giaboksi hiyo kwenye injini. Alihesabu tano. Tundu la sita, lile la juu kabisa, lilikuwa tupu.

"Fundi," aliita bila kugeuka. "Hebu njoo utazame."

Fundi alikuja akijifuta mikono. Walimwita Taratibu, maana kwa miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kukaza nati akaondoka bila kuirudia. Alichungulia tundu lile.

"Jumatatu ilikuwepo, mama. Niliikaza mwenyewe."

"Na leo ulipolileta gari?"

"Giaboksi ilikuwa inatetemeka kila nikibadilisha gia. Nimekuja mwendo wa kobe, roho mkononi."

Mkaguzi alitumia kioo kidogo kutazama meno ya ndani ya tundu. Yalikuwa mazima, yanang'aa kwa mafuta. Bolti inayolegea yenyewe barabarani huyatafuna meno kabla ya kuanguka. Hii haikuanguka. Ilifunguliwa.

Kazi yake mama huyu ilikuwa kukagua magari ya kale kabla ya mashindano ya kupanda mlima, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Neno "uzembe" kwenye ripoti yake lingetosha kumnyang'anya Taratibu kibali cha kugusa magari ya mashindano maisha yake yote. Na kama mtu alifanya kusudi, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Giaboksi ikilegea kwenye kona kali, dereva huenda asirudi nyumbani.

Saa tatu kamili mwenye gari alifika, rubani mstaafu ambaye zamani alilitengeneza mwenyewe, aliyejulikana kwa jina la Kapteni. Mdogo wake ndiye aliyemleta, kwa gari lake. Kapteni alisikiliza habari, akapandisha sauti.

"Nani mwingine aliyeligusa? Mtu ni huyohuyo mmoja! Andika uzembe, mama, tumalize."

"Mbona una haraka ya kumaliza, Kapteni?"

Kapteni alimpa mgongo. Taratibu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Mkaguzi alianza na mdogo mtu, wawili peke yao katika ofisi yenye harufu ya grisi.

"Wewe na kaka yako mnaelewana?"

"Kwa mengine, ndiyo. Kwa gari hili, hapana. Baba alituachia sote wawili, kaka akalikalia peke yake."

"Mara ya mwisho ulilikaribia lini?"

"Jumapili. Nilikuwa nalo gerejini kwake kama nusu saa, peke yangu. Nilikuwa nalitazama tu. Nalo ni kosa?"

"Giaboksi iko wapi?"

"Si kule nyuma, karibu na tairi?"

Mkaguzi alibana kicheko, maana giaboksi ilikuwa kati ya viti, si nyuma. Hata hivyo hakumfuta kwenye orodha. Kujifanya mjinga ni kazi rahisi.

Alimwita Taratibu. Fundi alikuwa na spana za kufungulia bolti hizo, na tangu Jumatatu saa kumi jioni gari liliporudishwa kwa Kapteni, ni yeye pekee aliyeliendesha. Kila kitu kilimwelekea yeye.

"Ile ya juu inafunguliwaje?"

"Kwa chini haifikiki. Lazima utoe kiti, uinue zulia, ufungue kifuniko kilicho kati ya viti. Ukiwa unalijua gari, dakika arobaini."

"Leo ulilichukua saa ngapi?"

"Saa moja na dakika thelathini na tano. Saa mbili nilikuwa hapa."

Mkaguzi alimpigia simu mke wa Kapteni, naye akathibitisha saa hiyo. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika ishirini na tano. Muda wa kufungua kifuniko haukuwepo.

"Jumatatu ulipiga picha za kazi yako?"

"Huwa napiga kila mara. Wateja ni wagumu."

Walishusha gari, wakatoa kiti, wakainua zulia. Mkaguzi aliinama na simu ya Taratibu mkononi. Kwenye picha, skrubu nane za kifuniko zilikuwa nyeusi zote, na rangi inayozizunguka haina doa. Sasa saba zilikuwa nyeusi na moja ya manjano, ya aina nyingine kabisa, na kila skrubu ilizungukwa na mikwaruzo. Bisibisi ilikuwa imeteleza, ikarudi, ikateleza tena.

Basi kifuniko kilifunguliwa baada ya Jumatatu, na Jumapili ya mdogo mtu haikuwa na maana tena. Lakini chini ya kifuniko hapakuwa na alama hata moja ya spana kwenye chuma. Aliyeitoa bolti alikuwa na mikono ya kazi. Mikono hiyohiyo ilirudisha skrubu kwa kupapasa.

Saa nne na nusu aliwakusanya wote watatu kando ya gari, akampa Kapteni fomu.

"Soma mstari wa tatu, kisha uweke sahihi."

"Sikuja na miwani."

"Umeivaa, Kapteni."

Mdogo wake alimgeukia polepole, kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Gereji ni yako na ufunguo ni wako," mkaguzi aliendelea. "Bolti umeitoa kama fundi. Skrubu ya manjano hukuiona. Tangu lini macho yamekusumbua?"

Kapteni alikunja fomu, akaikunjua. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bolti, akaiweka juu ya boneti.

"Mwaka sasa. Katikati naona ukungu, pembeni ndiyo naona kidogo." Alivua miwani, akaifuta. "Nimemwahidi mjukuu wangu nitampandisha mlimani Jumamosi akikaa kando yangu. Kila mtu anajua. Nilitaka ukaguzi ulikatae gari, yaishe. Nisiwe mimi niliyekataa."

"Na Taratibu je? Ulimwacha aliendeshe likiwa hivyo."

"Nilidhani bolti tano zingetosha kumfikisha."

"Ulidhani," alisema Taratibu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wakusanyike. "Nina watoto watatu, mzee."

Kapteni alitaka kumshika bega, mkono ukapita hewani, akaushusha.

"Nisamehe, fundi. Nilikuwa tayari kukuchafulia jina ili langu libaki safi."

Taratibu hakusema amesamehe. Aliichukua bolti, akaigeuza kwenye mwanga, akaitupa kwenye pipa la vyuma. Akatoa mpya kabatini, akaipima urefu, maana iliyozidi kidogo tu ingetoboa ndani ya giaboksi. Akaianza kwa vidole hadi ikashika meno, kisha spana ya kipimo ikalia *taka*, ishara kwamba imekaza. Akairudia. *Taka*. Mkaguzi akaweka sahihi yake.

"Mwaka huu umpandishe wewe," Kapteni alimwambia fundi. "Tafadhali."

"Nitampandisha. Lakini mtoto umwambie wewe, na umwambie kwa nini."

Kapteni alitoa simu, akaisogeza karibu na pua, kisha upande, akashindwa. Mdogo wake aliichukua, akampigia namba, akamwekea sikioni.

"Ni babu," alisema. Kapteni akamsikiliza mtoto. "Ndiyo, gari limepona. Sikiliza, kuna kitu nilikuficha."