Mahari Isiyoulizwa

"Mizinga ya nyuki kumi na miwili," alisema Mzee Sadalla, mshenga. "Ya kisasa, iliyopakwa rangi ya samawati."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Nyuma ya pazia, Nasra hakucheka.

"Mshenga, umetumwa posa au umetumwa msituni?" aliuliza baba yake Nasra, Mzee Tahiri, huku akijifuta machozi.

"Ndivyo nilivyoagizwa. Nilimwambia Mudathir, 'Kijana, mahari huulizwa, mwache binti ataje mwenyewe.' Akanijibu, 'Mzee, huna haja ya kuuliza. Namjua.'"

"Mashaallah! Huyo ndiye mume," akasema Mzee Tahiri.

Ilikuwa Jumamosi baada ya swala ya alasiri, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nane. Wanaume walikuwa sebuleni na kahawa yao, Nasra na shangazi yake ukumbini. Shangazi Chiku akamfinya paja.

"Umepata, mwanangu. Mimi marehemu mume wangu nilimtajia mkufu mara tatu, na bado akaleta bangili."

"Shangazi, sijamwambia."

"Hujamwambia nini?"

"Mizinga. Sijamwambia Mudathir wala mtu mwingine. Nilimwambia Zuleha tu, kwa ujumbe wa sauti. Alhamisi."

"Basi Zuleha kapayuka."

Nasra alisomea ufugaji nyuki chuoni, na hiyo mizinga ilikuwa ndoto aliyoona haya kuitaja mbele za watu. Akampigia dada yake, aliyeolewa kijijini Moa.

"Wallahi sijatoa neno," alisema Zuleha. "Hata namba yake sina. Na mimi mwenyewe unanihifadhia siri, ya kwako niitoe ya nini?"

Siri ya Zuleha ilikuwa mimba ya miezi mitatu. Mbili za kwanza ziliharibika. Safari hii aliapa kwamba hata mama mkwe hatajua mpaka tumbo lijitangaze lenyewe.

Nasra akaitazama simu yake. Mudathir alimnunulia mwezi wa Rajabu, akakaa nayo siku nzima, "nikuwekee sawa." Alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya usafirishaji bandarini, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Tangu hapo hakukosea kitu. Alileta madafu siku Nasra alipoumwa homa, ingawa hakuwa amemwambia. Alipiga simu kila mara Nasra alipokuwa na huzuni. Nasra aliwaambia wenzake kazini, "Yule mwanamume ananisoma moyo."

Akabonyeza kitufe cha kurekodi, amtumie Zuleha ujumbe mwingine wa sauti.

"Zuleha, mizinga sitaki tena. Nitaomba cherehani. Ya miguu."

"We! Umerukwa na akili?" Shangazi Chiku akanong'ona.

"Subiri tu, shangazi."

Kikombe cha pili cha kahawa hakijaisha, simu ya mshenga ikaita.

"Naam, Mudathir... Eeh?... Cherehani? Ya miguu?... Haya." Akakohoa. "Jamaa, kijana anasema kama binti atapenda zaidi cherehani, naye yuko tayari."

"Mashaallah!" wakasema sebuleni.

Shangazi Chiku aliitazama ile simu kama mtu aliyeona nge kwenye kanga.

"Astaghfirullah. Kumbe humu ndani tuna mgeni."

Nasra akatoka kwenda uani, akampigia Mudathir.

"Mpenzi, wamefikia wapi?"

"Unasikiliza simu yangu, Mudathir?"



"Nani kakwambia?"

"Cherehani."

Akamsikia akishusha pumzi.

"Niliunganisha meseji zako na kompyuta yangu, basi. Nilitaka nisikukosee. Wanaume wangapi wanajua mke anataka nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungenificha."

"Basi ningekuficha. Ni haki yangu."

"Haki gani kati ya watu wanaopendana? Ofisini nawaona madereva arobaini kwenye skrini. Nani kasimama Segera, nani kachelewa kuondoka, nani yuko wapi na saa ngapi. Hakuna anayelia. Mtu asiye na baya anaogopa nini?"

"Mimi si dereva wako."

"Nimewahi kukudhuru, Nasra? Hata dada yako, nilipojua ana mimba nimekaa kimya. Nimemwambia mama peke yake, amwombee dua."

Nasra akaishika kamba ya kuanikia nguo.

"Umemwambia mama yako."

"Kwa dua tu!"

"Mama mkwe wake hajui. Shangazi yangu niliyekaa naye hapa hajui. Mama yako anajua."

"Nisamehe. Naitoa sasa hivi. Nitakununulia simu nyingine."

"Usininunulie simu."

"Kwani hunipendi?"

"Nakupenda," alisema, kwa sababu ilikuwa kweli. "Ila wewe unanijua mimi, mimi wewe sikujui."

Akakata. Ndani, baba yake alikuwa akimwita.

"Nasra! Wazee wanakuuliza, umeridhia?"

Kwa desturi, mwali akinyamaza amekubali. Wazee wakatulia, wakikingoja kimya chake waseme amin. Na Nasra alikuwa bingwa wa kimya. Chuoni alikuwa akijibu maswali kwa kunong'ona, mwalimu akimsogelea mpaka dawati.

Akafunua pazia.

"Shikamooni. Sikuridhia."

Hakuna aliyeitikia marahaba.

"Binti yangu," Mzee Sadalla akasema taratibu, "mahari ni ndogo?"

"Ni kubwa, mzee. Lakini sikuulizwa."

"Kwa hilo tu?"

"Mshenga, usimchoshe mtoto," Shangazi Chiku akadakia. "Cherehani ameitaja hapa ukumbini, kwa simu, kwa dada yake. Wewe ukapigiwa hapo ulipokaa. Nani kamwambia kijana wako? Malaika?"

Mzee Tahiri akamtazama mshenga. Mshenga akakiweka kikombe chini. Akaitoa simu yake mfukoni, akaigeuzageuza, kisha akaizima kabisa.

"Mwanangu," akasema, "umeuliziwa vibaya. Nitamfikishia jibu kwa mdomo."

Walipoondoka, Nasra akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na simu yake. Kilikuwa kimoja, na bado kilikuwa kikifanya kazi. Akakiondoa.

Lakini la dada yake halikuwa na kitufe. Siri ilishafika nyumba ya watu, na Zuleha ilimpasa alisikie hilo kutoka kwake, si kwa wengine. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akampigia.

Walizungumza mpaka adhana ya magharibi. Alivyolisema, alivyojibiwa, na nani alilia kwanza, ni yao wenyewe. Shangazi Chiku alipita mlangoni mara mbili, na mara zote mbili hakusimama.