Alama Kwenye Kichwa cha Dishi

"Usiguse kwanza. Toa mkono, tuone kama linasimama lenyewe."

Chapuchapu alitoa mkono. Dishi jeupe, pana kuliko meza ya kulia chakula, lilibaki limetulia juu ya nguzo yake. Shangazi aliinamia kipimo chake kidogo, akasoma namba, akaiandika daftarini.

"Bado kidogo. Lisukume kushoto, unene wa ukucha tu. Polepole, mama."

Walikuwa juu ya paa la zege la zahanati tangu saa moja asubuhi. Chapuchapu alikuwa darasa la sita. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata shuleni, kwa kuwa alimaliza hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuandika maswali, na nusu ya majibu yakiwa si sahihi. Kila likizo alifuatana na shangazi yake, fundi wa madishi ya setilaiti, mtu ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia. Kabla ya kulegeza au kukaza chochote, Shangazi alichora mstari mweusi kwa kalamu ya wino mzito, ukivuka vipande viwili vya chuma. Kipande kimoja kikisogea hata kwa unywele, mstari ulikatika, naye akajua.

Dishi hili halikuwa la kutazamia mpira. Lilikuwa la kupokea na kurusha pia. Nesi wa zahanati alikuwa amelisubiri miezi minane, ili akipata mgonjwa anayemtatiza aweze kumwonyesha daktari wa hospitali kubwa, uso kwa uso, papo hapo.

"Shangazi, hiyo setilaiti mbona haisogei?"

"Inasogea sana! Iko kilomita elfu thelathini na sita juu ya ikweta, inazunguka pamoja na dunia, mzunguko mmoja kwa siku. Ndiyo maana sisi huku tunaiona imesimama. Isingekuwa hivyo ningekuwa naifukuza na dishi paa zima, na magoti haya!"

Chapuchapu alicheka. "Kwa hiyo sisi tunaituma sauti juu, nayo inairudisha chini?"

"Inaipokea ikiwa imechoka, inaipa nguvu, inaibadilisha masafa, kisha inaishusha hospitalini. Lakini hatuko peke yetu. Njoo uone." Shangazi alichukua rula, akaisimamisha wima na kuipitisha kati ya vyuma vya ukingo wa paa. Ikapita. Akailaza, akaisukuma tena. Ikagonga vyuma, ikakwama. "Mawimbi nayo yako hivyo. Yetu tumepangiwa yasimame. Kuna wenzetu, hospitali moja ya visiwani, wanatumia masafa yaleyale, lakini yao yamelala. Hatugongani. Ila hiki kichwa cha dishi, hiki cha mbele kinachorusha mawimbi, kikizunguka kidogo tu, mawimbi yetu yanainama, na sehemu yake inamwagikia kwao."

"Nani kapanga hivyo?"

"Nchi zote zilikaa mezani zikakubaliana setilaiti ipi ikae wapi na itumie masafa gani. Humu nchini, mamlaka ya mawasiliano ndiyo inayotoa leseni kwa kila dishi linalorusha. Kupokea ni kusikiliza tu, hakumsumbui mtu. Kurusha ni kusema, na watu wawili wakisema pamoja hakuna anayesikika. Kwa hiyo hatufungui mdomo mpaka Bwana Sauti aturuhusu."

Bwana Sauti alikuwa mtu wa kituo cha uangalizi, aliyekaa mji mwingine akitazama mawimbi ya madishi yote kwenye kioo chake. Hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa sauti ya simu tu, nzito na yenye usingizi.

Nesi aliita kutoka chini kwamba amepata ufunguo wa chumba cha mitambo. Shangazi alijifuta mikono. "Nakwenda kuunganisha waya. Wewe kaza hizi nati nne za nyuma, kila moja kidogo, kwa zamu. Kichwa usikiguse, nimeshakipima."

Chapuchapu alikaza nati nne, tena kwa zamu kama alivyoambiwa. Akamaliza. Akatazama ngazi, Shangazi hajarudi. Ndipo alipoona skrubu ya pete inayoshika kichwa cha dishi. Ilionekana imelegea. Akaona ampunguzie Shangazi kazi.

Alipoizungusha, kichwa nacho kilizunguka. Kidogo tu. Lakini mstari mweusi ulikatika, nusu huku, nusu kule.

Alikirudisha kwa kukadiria, akatazama kipimo. Namba ilikuwa karibu ileile ya mwanzo. Mstari tu ndio uliokataa kukutana. Kwa hiyo akatia mate kidoleni, akaufuta, akachukua kalamu ya Shangazi na kuchora mwingine, mzuri, ulionyooka.

Shangazi aliporudi, alipitisha macho kwenye alama zote, akaridhika. Akapiga simu na kuiweka sauti ya juu.

"Fundi wangu," ilisema sauti nzito. "Leo umeniamsha mapema."

"Saa nne hii, Bwana Sauti! Wenzako wameshalima hekari."

"Haya, rusha wimbi dogo la majaribio. Una hadi saa sita kamili, baada ya hapo nafasi hii ni ya mwingine." Shangazi akarusha. Kisha sauti ikapoteza usingizi wake. "Zima. Zima kwanza. Unamwagikia jirani. Kati ya wimbi lako na linalomwagikia kwake nataka tofauti ya desibeli thelathini, napata ishirini na mbili. Kichwa kimeguswa?"

Shangazi alisogea, akaitazama alama. "Hapana. Nilikiwekea alama, na alama iko sawa."

Chapuchapu aliangalia viatu vyake.

Shangazi akaanza kutafuta. Alifungua waya na kuufunga upya. Akapima nguzo. Akabadilisha kiungo. Kila mara alimpigia Bwana Sauti, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: ishirini na mbili. Saa tano na nusu aliketi juu ya kisanduku cha vifaa, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

"Basi ni mtambo wa kurushia," alisema. "Sijawahi kuuona ukiharibika hivi, lakini sina pengine pa kutafuta. Tuushushe, urudi kiwandani."

Nesi alikuwa amepanda na birika la maji. "Utachukua muda gani, fundi?"

"Miezi miwili, dada. Labda mitatu. Nisamehe."

Nesi aliinua birika. Alimimina maji, akampa Chapuchapu kikombe cha kwanza. "Kunywa, mwanangu, jua kali. Umefanya kazi kubwa leo."

Chapuchapu alikiweka kikombe chini bila kunywa. Shangazi alikuwa ametoa fomu ya mamlaka na alikuwa akiandika, kwa mwandiko wake wa polepole, kwamba mtambo ni mbovu. Chini palikuwa na mahali pa sahihi yake.

"Shangazi, usitie sahihi."

"Kwa nini?"

"Mtambo ni mzima. Ni mimi." Akaonyesha kichwa cha dishi. "Nilikaza skrubu ya kichwa, kikazunguka. Ile alama siyo yako. Nilifuta yako nikachora yangu."

Shangazi aliitazama alama, kisha akamtazama yeye. Nesi akajifanya anatafuta kifuniko cha birika.

"Umenifanya nimwambie Bwana Sauti uongo, mara nne," alisema Shangazi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nisamehe, Shangazi. Niliona kipimo kiko sawa."

"Kipimo hiki kinatuambia tunachopokea. Tunavyowasumbua wenzetu hatuwezi kuona hapa, anayeona ni Bwana Sauti." Alichana fomu vipande viwili, akainuka. "Dakika ishirini. Shika hapa."

Safari hii Chapuchapu ndiye aliyeshika kichwa, kwa vidole viwili vya kila mkono, na Bwana Sauti akasoma namba kwenye simu.

"Ishirini na nne. Endelea. Ishirini na saba. Endelea... ishirini na tano, umepita! Rudi."

"Unywele mmoja, mama," alinong'ona Shangazi.

"Ishirini na tisa. Thelathini na moja. Thelathini na tatu! Hapo hapo, asipumue mtu!"

Shangazi alikaza skrubu, akachora mstari mpya. Nesi alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka uani kutazama paa.

"Fundi," alisema Bwana Sauti, "kumbe kichwa kiliguswa."

Shangazi alifungua mdomo, lakini Chapuchapu alitangulia. "Nilikigusa mimi, Bwana Sauti. Nikaficha alama. Shangazi hakujua."

"Na wewe ni nani?"

"Mtoto wa kaka yake. Wananiita Chapuchapu."

"Naona jina limekufaa," ilisema sauti, na wote watatu wakaangua kicheko. "Haya. Jaribio limepita. Kesho saa mbili nawafungulia masafa yenu. Na nipigiwe na huyo aliyegusa. Namwamini."

Waya mrefu ulikuwa bado umelala juu ya paa, haujabanwa ukutani, na viungo havijazibwa visiingie maji. Shangazi aliukunja kwa duara pana, akaufunika kwa turubai na kuliwekea matofali mawili.

"Nisikilize," alisema, akimfuta vumbi shavuni. "Kukosea sikukatazi. Mimi mwenyewe nimekosea juu ya mapaa mengi. Lakini kosa lililo wazi hurekebishwa kwa dakika ishirini. Ukilifunika, watu wema hupoteza siku nzima wakitafuta mahali lisipokuwepo. Huko juu tunagawana nafasi na watu tusiowaona, na kinachotulinda sote ni kila mmoja kusema kweli kuhusu dishi lake."

"Ndiyo, Shangazi. Nibane waya sasa? Nitamaliza upesi."

"Hapana. Leo tumechoka, na aliyechoka hukosea. Tutaubana kesho."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Na njiani ufikirie utakachomwambia Bwana Sauti akipokea simu."