Kiti cha Mzee Mulongo

Soksi za Celine ndizo zilizoanza maneno. Mvua ilikuwa imekataa kuacha mtaa wa Umoja, na Nafula, kwa kukosa pa kuanika, alizitandaza juu ya injini ya pikipiki ya mumewe, Mulongo, kwenye kibanda cha uani. Aliporudi na beseni la pili, soksi zilikuwa zimekauka kau, tena zina moto. Na tangi halikuwa na petroli hata tone.

"Baba Celine, umeiwasha hii?"

"Niiwashe na mate?" Mulongo akacheka, akaendelea kuisugua pikipiki.

Jamani, mtu yule alivyoipenda ile pikipiki! Harley ya Kimarekani, modeli ya jeshi ya enzi za vita vya Hitler, gia ya mkono kando ya tangi, klachi ya mguu wa kushoto, kiti kimoja tu cha ngozi juu ya springi. Ilikuwa ya babu yake, Mzee Mulongo, ambaye jina lake alilibeba kama desturi ya Wamaragoli ilivyo. Babu alianguka nayo hapahapa Nairobi akafa. Mwili ulizikwa kwao Vihiga, pikipiki ikafungiwa stoo mtaani Majengo mpaka mjukuu alipoitoa, na hakuna aliyeiita roho yake itoke kwenye chuma ilifuate jeneza nyumbani. "Hayo ni mambo ya kizamani, wacha stori," Mulongo alimwambia Nafula, akafunga skrubu ya mwisho.

Basi mchana mmoja nyumba ikiwa kimya, Nafula akasikia springi zikilia, kwii, kwii. Akachungulia. Kiti kilikuwa kimebonyea, na hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo kibanda kikanuka tope na damu. Mezani, mguu wa kushoto wa Mulongo ukawa unakanyaga klachi isiyokuwepo huku ugali unapoa, na Celine, baba akimbeba, analia mpaka anakauka sauti. Nafula aliogopa, aliogopa kwelikweli. Mume wake alikuwa anachukuliwa naye anaona.

Akampigia simu shangazi Khavere, binti wa marehemu. Kikongwe akaja na tawi la mti wa kwao.

"Nitamwita baba kwa jina," akanong'ona. "Mtu asiitike. Ukiitikia jina la maiti, au maiti akikuita ukaitika, umempa mwili wako."

"Na wajina wake, mume wangu, je?"

"Mtoe hapa."

Nafula akamtuma Mulongo soko la Burma akanunue nyama ya mgeni. Hakumwambia sababu, angekataa.

Shangazi akaigusa pikipiki kwa tawi. "Mulongo! Inuka, twende nyumbani!" Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili injini ikakohoa bila petroli, harufu ya damu ikajaa kibanda mpaka Nafula akaziba pua kwa leso, na shangazi alipoita mara ya tatu zile springi zikaanza kupanda, polepole, zikilia moja baada ya nyingine, mtu mzito asiyeonekana akiinuka baada ya miaka mingi ya kukaa, na Nafula akasikia machozi ya furaha yakimtoka, na hapo hapo, kutoka mlangoni, ikaja sauti ya mtu aliyerudi mapema kwa kuogopa mvua:

"Naam, shangazi!"

Mfuko wa nyama ukaanguka topeni. Mulongo akaingia akichechemea, akamtazama yule kikongwe kwa mshangao.

"Khavere, mwanangu," akasema kwa sauti nzito isiyo yake. "Mbona umezeeka hivi?"

Shangazi akapiga magoti akilia. "Baba."

Nyuma yao springi zikalia, kwii. Kiti kikabonyea tena. Na kutoka pale juu, pasipo na mtu, sauti ya mume wa Nafula ikaita, ndogo, imejaa woga:

"Mama Celine? Mama Celine, uko wapi?"

Nafula akaiuma leso kwa meno yote. Hakuthubutu kuitika.