Msumari Uliobaki Nusu

Kila Jumamosi, Lusia akishateka maji na kufua sare zake za darasa la sita, alikwenda na rafiki yake Nelly kutazama filamu kwa jirani yao, Mama Ritha, pale kwenye machimbo ya Mwakitolyo. Jumamosi moja ilikuwa filamu ya vita. Meli inawaka moto, na daktari wa jeshi anatambaa katikati ya moshi akiwaokoa mabaharia waliojeruhiwa. Mmoja alikuwa na chuma pajani. Daktari akakichomoa kwa mkono, akafunga kitambaa, na baharia akasimama.

"Na mimi nitakuwa kama yule," Lusia alisema walipokuwa wakirudi nyumbani.

Nelly alicheka, akaruka mbao chakavu zilizotupwa kando ya shimo la dhahabu. Akateleza. Ubao wenye msumari wa kutu ukamchoma kwenye shavu la mguu.

"Usilie, najua la kufanya!" Lusia aliushika ubao, akauvuta kwa nguvu. Ukatoka, lakini kwenye ubao msumari ulikuwa umebaki nusu. Damu ikachuruzika. Lusia akakikandamiza kidonda kwa mtandio wake huku akipiga yowe.

"Mayu wane, mama yangu!" Mama Nelly alikuja mbio. Wakapanda bodaboda wote watatu hadi zahanati.

"Binti yangu amechomwa na ubao wenye msumari, na mtoto huyu amemwokoa," Mama Nelly alimwambia mganga, Bwana Deusdedit.

"Shikamoo," Lusia alimwamkia akiwa ameinamisha kichwa.

"Marahaba. Ule ubao ulitokaje?"

"Ulichomoka wenyewe."

Mganga alisafisha kidonda, akachukua bandeji. Lusia alimtazama Nelly, ambaye alikuwa amefumba macho na kuuma midomo kwa maumivu. Mama Nelly alikuwa amemsifu. Angenyamaza, nani angejua?

"Samahani, nimedanganya," alisema. "Niliuvuta mimi, kama kwenye filamu. Msumari ulitoka nusu. Sikuiona ncha yake."

Mama Nelly aligeuka kumtazama. Mganga aliweka bandeji chini, akavuta taa karibu, akamchoma Nelly sindano ya ganzi. Alitafuta taratibu kwa koleo ndogo. Mwishowe kipande cheusi cha msumari kikadondoka kwenye sahani ya bati. Kisha akampa Nelly sindano ya kuzuia pepopunda.

"Ningekifunga kidonda na hicho ndani," alisema, "mguu ungeoza."

Lusia alilia. Mama Nelly akamvuta karibu, akamfuta machozi kwa kanga yake.

"Nisikilize, mwanangu," mganga alisema. "Yule wa kwenye filamu anaigiza. Kitu kikimchoma mtu kikakwama, usikichomoe. Kizuie kisitikisike, uite mkubwa. Ila kukandamiza kidonda kwa mtandio ulifanya vizuri. Na kuna kubwa zaidi: kila mtu hukosea, hata mimi. Mgonjwa hupona pale aliyekosea anapowahi kusema."