Kioo Kilichosimamisha Karakana

Likizo ya kiangazi ilikuwa imewafurahisha watoto wote wa Bonde la Rogue, lakini si Hattie. Kila asubuhi alikula mkate wa siagi ya karanga peke yake, akaosha sahani, kisha akakaa dirishani. Mama yake, Rhonda, alikuwa karakanani akiunda giaboksi za helikopta kubwa zinazobeba maji ya kuzima moto wa misitu. Msimu wa moto ukiingia, mama huyo huondoka mtoto bado amelala na kurudi amechoka hoi. Nyumba ilikuwa kimya, jamani, hata friji ikinguruma Hattie alishtuka.

Jioni moja alimpigia mama simu akilia, naye Rhonda akaja mbio. Mama alipokwenda kuoga, Hattie alikuta kwenye mfuko wa ovaroli ya mama kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile ambacho mafundi hutumia kuchungulia nyuma ya bolti. Akakificha chini ya mto. Kesho yake, mama alipokwisha kwenda, alichungulia nacho nyuma ya kabati, nyuma ya mlango, na uvunguni. Kote hakukuwa na mtu.

Simu ikalia.

"Hattie, mwanangu, umekiona kioo changu cha kazini?"

Hattie akakitazama kioo mkononi. Akawaza: bila kioo hakuna kazi, na bila kazi mama atarudi.

"Sijakiona, Mama."

"Una hakika?"

"Kweli tena. Kwani unarudi?"

"Kurudi wapi! Kifaa kikipotea hatoki mtu hapa. Huenda nimekisahau ndani ya giaboksi. Tunaifungua yote upya, na helikopta inaingoja uani."

Mama akakata. Hattie akabaki ameshika simu, mpweke kuliko mwanzo. Uongo wake ulikuwa umemfungia mama kulekule.

Alipotoka nje, moshi ulimwasha macho. Cody, mtoto wa jirani, alikuwa akishusha vizimba vya kuku kutoka kwenye pikapu ya baba yake.

"Kuku wa nani hao?"

"Wa bibi. Moto umeshuka karibu na kwake. Ameambiwa ahame, amegoma, eti anangoja helikopta." Cody akamkazia macho. "Si mama yako ndiye fundi? Mwambie basi aache kulala!"

"Mama yangu halali!" Hattie alifoka, machozi yakimlengalenga. Akarudi ndani, akachukua kioo, akapanda baiskeli.

Karakanani mashine zote zilikuwa zimezimwa. Giaboksi ilikuwa imefumuliwa mezani, mafundi wameinama na tochi. Msimamizi, Mzee Delbert, akamzuia mlangoni.

"Binti, hapa si pa watoto."

Hattie akanyoosha mkono wenye kioo. "Ninacho mimi. Nilidanganya. Nilitaka Mama arudi nyumbani."

"Hattie!" Rhonda aliruka. "Unajua ulichofanya?"

"Subiri, Rhonda," alisema Mzee Delbert. "Kila kifaa hapa kina nafasi yake kwenye droo. Jana jioni ulivihesabu vyako?"

Mama akainamisha kichwa. "Sikuhesabu. Nilikimbilia kwake. Kosa ni langu pia."

"Haya, mmesema wote wawili. Jamani, kimepatikana! Fungeni!"

Helikopta iliruka kesho yake asubuhi. Bibi yake Cody alinusurika, na nyumba yake pia. Lakini miti yake ya peasi, aliyoipanda na marehemu mumewe, ilikuwa imekwisha kuteketea.

Hattie alipozipata habari hizo, alimfuata Mzee Delbert. "Ningesema ukweli kwenye simu, miti ingepona?"

Mzee hakumbembeleza. "Huenda. Hapa kwetu anayesema 'nimekosea' hatumfukuzi, maana kosa lililosemwa linatengenezeka. Ila useme mapema, binti. Moto haumngoji mtu apate ujasiri."

Jumamosi ile Rhonda aliomba ruhusa. Mama na mwana wakaenda kwa bibi yake Cody kung'oa visiki vilivyoungua, mikono myeusi hadi viwikoni. Hattie aling'oa kisiki kimoja, kisha akasema, "Mama, nyumbani mchana ninaogopa."

Rhonda aliweka jembe chini, akamvuta kifuani. "Ndivyo unavyotakiwa kuniambia, mwanangu. Kwa hilo ningeacha kazi nikakusikiliza."