Jibu Kutoka Nyuma ya Viroba

"Yah: Matumizi ya Redio ya Upepo na Mtu Asiye Mwajiriwa." Ndivyo utawala wa chuo ulivyolipa jina jambo hilo, ukapiga muhuri, ukaenda kunywa chai.

Tupokigwe alifundisha kutegua mabomu kwenye kituo cha chuo, mbele ya Ukonga, katika uwanja wenye uzio na majani marefu. Mabomu yalikuwa ya bandia; taratibu zilikuwa za kweli. Anayekiendea kitu huenda peke yake, ndani ya suti nzito, akitaja redioni kila anachofanya, na mwenzake nyuma ya viroba vya mchanga humrudishia neno kwa neno. Bomu likilipuka, aliyebaki ajue ni hatua gani iliyoua.

Mwenzake alikuwa Mudathir, akahamishiwa Dodoma. Ombi la kumpata mwingine likaanza ziara ya ofisi kwa ofisi. Tupokigwe, ambaye nyumbani kwake Tabata hapakuwa na wa kumuuliza ameshindaje, akaendelea na mazoezi mwenyewe, akiviambia viroba.

"Napiga goti," alisema jioni moja.

"Unapiga goti," redio ikajibu.

Aligeuka. Nyuma ya viroba hapakuwa na mtu, ila harufu ya udi, nzito, kama ya chumba kilichofungwa. Aliogopa, akaondoka bila kukusanya vifaa. Kesho yake akawahi kufika.

"Umekula?" ile sauti ikamuuliza siku nyingine, kwa upole. Akajikuta anajibu kuwa bado.

Hatimaye utawala ukamleta Anselmo, mwanajeshi mstaafu mwenye kitambi na maneno mengi.

"Sista, mie ndo mwenzio. Ukinilipua, mke wangu atakuja kuhamia kwako."

Akacheka, akavaa suti na helmeti kwa zamu ya kwanza. Udi ukaanza kunuka ndani ya suti, kisha pumzi ikasikika, si yake wala si ya Tupokigwe, ikivuta taratibu na kushusha taratibu huku Anselmo mwenyewe hawezi tena kuvuta, na Tupokigwe akahangaika na vifungo, kila alichofungua kikijifunga nyuma yake, mpaka helmeti ilipochomoka na shingoni mwa yule bwana mkabaki alama za vidole, virefu kuliko vya binadamu.

"Kasema hapa pana mtu tayari," Anselmo alinong'ona.

Wakamwita mwalimu Thuwaini, msomaji wa madrasa ya Tabata. Alizunguka uwanja, akaketi kwenye kiroba.

"Jini huyu hakuvunja mlango, mwanangu; ulimfungulia ulipomjibu. Mie nitasoma. Wewe nenda mpaka kwenye hilo bomu lako, urudi, usitamke neno. Ukinyamaza, ataondoka. Ukimjibu, mie sina la kufanya tena, na Anselmo akirudi hapa, jini atamuua."

"Nimeelewa, mwalimu."

Akaenda. Nyuma yake kisomo kilipanda na kushuka, na redio, iliyokuwa imezimwa, ikazungumza sikioni mwake, ikataja kila hatua yake, ikamuuliza kama suti inamuumiza bega, ikamuuliza kama amekula, halafu, kwa sauti ya mtu anayekusanya vitu vyake aondoke, ikamuuliza nani atamuuliza kesho.

Utawala ulihitimisha kuwa redio ilikuwa mbovu. Anselmo akapangiwa stoo, kwa sababu ya mzio wa vumbi.

Redio ilikuwa nzima. Siku ile ya kisomo, Tupokigwe alibakiza hatua chache kuvifikia viroba, akabonyeza kitufe, akasema, "Sijala. Usiende."