Harambee ya Kumsifu Daktari Kinya

Ukipeleka majani chai kituoni Kibugu asubuhi, utasikia habari za Daktari Kinya kabla kikapu chako hakijapanda mizani. Mama yake, Ciakuthii, hawezi kunyamaza. Mvua ikinyesha, ni Kinya. Mbolea ikichelewa, ni Kinya. Hata karani akimuuliza jina, yeye husema, "Andika Mama Daktari, watanijua tu."

Watu hucheka. Yeye pia hucheka, lakini hafanyi mzaha. Kinya ni kifungua mimba wake. Alisoma miaka kumi na mbili baada ya sekondari. Kumi na mbili! Halafu mwaka huu akatoka Nairobi, akarudi nyumbani. Akapewa chumba kwa kliniki moja mtaa wa Majimbo, hapo Embu mjini. Wiki ya kwanza mama yake alienda kukiona hicho chumba mara tatu.

Sasa sikia kilichotokea Jumapili moja ya Septemba.

Watu walikuwa wametoka kanisani. Ciakuthii akakutana na Wawira, mwenzake wa chama cha akina mama. Wawira alikuwa anatembea kama mtu amelimishwa wiki nzima.

"Umetoka wapi hivyo, Wawira?"

"Nairobi. Nilipeleka mama mkwe. Sikio lilimuuma mpaka akawa hasikii. Tumelala huko siku mbili."

Ciakuthii akashika kiuno. "Nairobi? Na Kinya yuko hapo Majimbo?"

"Kwani Kinya ni daktari wa masikio?"

"Sasa ni wa nini? Wa ng'ombe?"

"Mimi nitajuaje? Wewe hutuambia tu daktari, daktari. Miezi saba! Hujawahi sema ni wa nini." Wawira akatoa simu. "Na mtoto wangu aliuliza hii. Akaandika 'daktari wa masikio Embu'. Ikamletea wa Nairobi, wa Thika, na duka la kuuza spika. Kinya wako hakuwa."

Ciakuthii alipanda mlima kwenda nyumbani kama hasikii miguu. Mtoto wake, hakuwa!

Siku hiyo Kinya alikuwa amekuja kula mukimo nyumbani. Baba yake, Kiunga, ni mtu wa Meru. Alikuja Kibugu zamani kufanya kazi kwa kiwanda cha chai, akampata Ciakuthii, na Meru hakurudi. Walipokaa mezani, Ciakuthii akasimulia maneno ya Wawira. Kinya akaweka kijiko chini.

"Ni kweli, Mama. Wiki iliyopita niliona wagonjwa wanne tu. Meneja wetu, Adrian, amesema chumba kinakaa bure. Wasipoongezeka kufika Disemba, atampa daktari wa meno hicho chumba. Mimi nitarudi Nairobi."

"Na watu wanaumwa masikio ama hawaumwi?" Kiunga akauliza.

"Wanaumwa, Baba. Hawajui niko."

Hiyo "nitarudi Nairobi" ilimkaa Ciakuthii kifuani kama kiazi moto. Lakini yeye si mama wa kukaa akilia. Jumapili iliyofuata aliwaita akina mama wote nyuma ya kanisa.

"Leo ni harambee," akasema.

"Ingine?" Wawira akaguna.

"Hatuchangi pesa. Tunachanga sifa! Toeni simu. Kuna ramani hapo ndani. Tafuteni kliniki ya Majimbo. Kuna mahali pa kuandika maoni. Pigeni nyota tano, mwandike Daktari Kinya ni mzuri!"

Akina mama ishirini na tatu wakainamisha vichwa. Ambaye hakuwa na miwani alisomewa. Ambaye hakujua kuandika kwa simu aliandikiwa. Mmoja akaandika, "Ni daktari namba moja, hata ni msichana wa heshima." Mwingine akaandika, "Mungu ambariki na mume." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jumanne simu ya Ciakuthii ikalia. Ilikuwa Kinya, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi nani?"

"Watu ishirini na tatu wamenisifu kwa saa moja! Wote wa Kibugu. Hakuna hata mmoja nimewahi kuangalia sikio lake. Kuna mmoja anasema nilimzalisha mapacha!"

"Huyo ni Mama Mutwiri. Alichangamka kidogo."

"Mama, hayo maoni yote yamefutwa. Wenye ramani wameona ni ya uongo. Na Adrian anafikiri ni mimi niliwatuma. Anasema daktari wa kujisifu kwa uongo hamtaki, hata hiyo Disemba ni mbali."

Simu ikakatika. Ciakuthii akaketi juu ya ndoo iliyokuwa imefunikwa. Alitaka kumsaidia mtoto, na sasa amemharibia.

Kesho yake akavaa nguo ya kanisa, akashuka Embu kuomba msamaha. Kwanza akapita kwa Rashid, mwenye bucha karibu na kliniki, amnunulie Kinya nyama. Nyuma ya kaunta alikuwa Shamima, msichana wa Rashid. Alisomea kompyuta chuoni. Baba yake akikata nyama, yeye hutengenezea watu wa maduka kurasa za mtandao.

"Mama Kinya, mbona leo huna hadithi?" Shamima akauliza.

Ciakuthii akamweleza yote. Rashid akacheka mapacha mpaka akaweka kisu chini. Shamima yeye hakucheka sana. Akafungua kompyuta yake.

"Njoo uone, Mama. Hii ni tovuti ya kliniki. Kinya yuko wapi?"

Ciakuthii akakaza macho. Aliona bango moja lenye picha za madaktari saba, kama picha ya darasa. Chini ya Kinya kulikuwa na herufi ndogo: Dr. G. K. Kiunga, MMed ENT.

"Shida ya kwanza," Shamima akasema. "Hii yote ni picha, hata hayo majina. Mashine ya kutafuta husoma maandishi. Maneno yakiwa ndani ya picha, mara nyingi haiyaokoti. Kila daktari anafaa kuwa na ukurasa wake mwenyewe, umeandikwa kwa maneno."

"Na hizi herufi za mwisho ni nini?"

"Ndiyo shida ya pili. Ni za watu wa masikio, pua na koo. Lakini nani hapa Embu huandika hivyo akitafuta? Baba, wateja wako huulizaje nyama?"

"Nipe ya kuchemsha ya watoto," Rashid akajibu. "Tangu nianze kazi, hakuna mtu ameniuliza msuli wa paja."

"Umesikia? Mgonjwa hutafuta kwa maneno yake. Ukurasa usipokuwa na hayo maneno, simu itajuaje ni Kinya anatafutwa?"

Shamima akabonyeza tena. Hospitali moja ya Meru, mahali Kinya alifanya kazi zamani, ilikuwa bado inasema yuko huko. Hapo anaitwa Dr. Gladys Kinya. Kwingine ni Dr. Kinya K.

"Gladys ni la ubatizo," Ciakuthii akajitetea. "Kinya ni la nyanya yake, mama ya Kiunga. Yote ni yake!"

"Ni mazuri yote, Mama. Lakini mashine inaona watu watatu, kila mmoja na kipande kidogo. Achague jina moja, lile liko kwa leseni yake, atumie hilo kila mahali. Na Meru waombwe waondoe ile ya zamani. Mtu asipande gari mpaka Meru kumtafuta mtu aliye Majimbo."

Ciakuthii akasahau nyama kwa kaunta. Akamshika Shamima mkono, wakaingia kliniki moja kwa moja mpaka kwa meza ya Adrian.

"Bwana Meneja," akasema, "ile harambee ni mimi. Mtoto wangu hakunituma. Hata hakujua. Ukitaka kukasirika, mimi ndiye huyu."

Adrian akamtazama yule mama na nguo yake ya kanisa. Mdomo wake ukaanza kucheka kabla macho hayajaamua.

"Na mapacha?"

"Hao nawaombea msamaha peke yao."

Shamima akamweleza mambo ya kurasa. Adrian akasikiliza, akakubali wajaribu. "Lakini Disemba ni Disemba," akasema. "Hiyo sibadilishi."

Jioni hiyo Kinya alitoka kazini akawapata kwa benchi wanamngoja. Alimkazia mama yake macho. Halafu akaketi, Shamima akamweleza mambo ya ukurasa, wakaanza kuandika.

"Andika daktari bora Kenya nzima," Ciakuthii akasema.

"Hapana, Mama. Kazi yetu hairuhusu. Na utapima na nini?" Kinya akajibu. "Hata kuponya siwezi kuahidi. Naweza kusema ninatibu nini."

Wakaandika jina kamili: Dkt. Gladys Kinya Kiunga. Juu kabisa wakaweka: Daktari wa masikio, pua na koo, Majimbo, Embu. Wakaweka masomo yake, siku zake za kazi, saa, namba ya simu na picha yake ya karibuni.

"Na lugha," Ciakuthii akasema. "Cucu mzee wa Kibugu akijua ataongea Kiembu na daktari, atakuja. Wa Meru pia."

Shamima akasimamisha vidole. "Mama, hiyo sikufikiria!" Akaandika.

"Sasa tuambie," Shamima akauliza. "Watu huku wakiwa na shida ya masikio, husemaje?"

Hapo ndipo Ciakuthii alipofunguka. Miaka thelathini amesimama kwa foleni ya majani chai na akina mama. Hakuna ugonjwa hajasimuliwa.

"Husema masikio imeziba. Husema sikio linatoa usaha. Mtoto hasikii darasani. Mtoto ameingiza maharagwe sikioni. Mzee anasikia filimbi kichwani."

Kinya alikuwa anamtazama mama yake kama amemwona leo. Akachukua kila neno, akaandika jibu fupi chini yake. Kwa lile la maharagwe aliandika: Usichokonoe. Usitie maji wala mafuta. Mlete kliniki.

"Na maoni?" Ciakuthii akauliza polepole.

"Mgonjwa aliyetibiwa kweli, akitaka mwenyewe kuandika, aandike," Shamima akasema. "Hatumlipi, hatumwandikii. Yakiwa matatu ya kweli, yatosha kuanza."

Wiki iliyofuata Shamima aliuweka ukurasa mtandaoni. Akauunganisha na ukurasa wa mbele wa kliniki na ile ramani, mgonjwa aufikie kwa kubonyeza mara moja. Madaktari wale sita pia wakapata kurasa zao. Meru wakajibu vizuri, wakaondoa ile habari ya zamani.

Siku tatu zikapita. Ciakuthii akaandika "daktari wa masikio Embu". Duka la spika likatokea.

"Shamima! Imekataa!"

"Haijakataa, Mama. Mashine hupitia kurasa polepole. Inaweza kuchukua hata wiki kadhaa. Ngoja."

Kungoja ni kazi ngumu kuliko kuchuma majani. Lakini mwisho wa Oktoba, wakiwa kituoni, Wawira alipiga nduru. "Ciakuthii! Ni wa pili kutoka juu! Na picha yake anacheka!" Simu ikapita mkono kwa mkono, mpaka karani akaacha kupima.

Wagonjwa wakaanza kuja. Kwanza wawili kwa siku, halafu watano. Wengine walitoka Chuka, wengine Runyenjes. Katikati ya Novemba Adrian akabandika karatasi mlangoni: Daktari Kinya, Jumatatu hadi Ijumaa. Daktari wa meno akapewa chumba cha upande mwingine.

Siku hiyo Ciakuthii alikuwa amemletea Kinya maziwa. Akakaa kwenye benchi kando ya mama mmoja wa Kiritiri. Huyo mama alikuwa na msichana wa miaka saba.

"Mwalimu anasema ni mkaidi," yule mama akasema. "Akiitwa haitiki. Nikaandika kwa simu, 'mtoto hasikii darasani', ikaniletea huyu daktari. Sikujua tuko naye karibu hivi."

Yalikuwa maneno ya Ciakuthii mwenyewe, neno kwa neno. Akamshika tu mkono huyo mama.

Waliitwa, wakaingia. Nta ilikuwa imekauka ndani ya masikio yote mawili kama udongo wa kiangazi. Kinya akailainisha, akaitoa taratibu. Mlango ulipofunguka, yule mama alimwambia mtoto wake waende. Mtoto akaruka, akaziba masikio kwa mikono.

"Mama, mbona unanipigia kelele?"

"Sijakupigia kelele. Nimesema twende."

Kinya alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe. Yule mama akachuchumaa mbele ya mtoto, akateremsha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Unanisikia hivi?"

"Nakusikia," mtoto akasema. Akageuza kichwa, akatazama mabati juu. "Na mvua pia."